Kipimo cha Miaka Miwili

Feza mwanangu,

Uko kwa mama mdogo wako unasukwa nywele, na mama yako amekwenda sokoni kutafuta ndakala, dagaa wetu wa ziwani, za kukufungia. Nyumba iko kimya. Nimekaa mezani na karatasi hizi kwa sababu mdomo wangu umeshindwa kwa siku tatu nzima. Habari za treni, za chakula cha njiani, za kushika simu yako vizuri mkifika Kabalo, hizo mama yako atakupa mpaka uchoke kuzisikia. Mimi nina neno moja, nalo ni baya. Nitalisema kwanza, halafu nitalieleza. Aliyemtoboa jicho Mujomba Kaimba ni mimi.

Hawakuwa majambazi, wala hakuwa Papa Lumbwe, sentineli aliyelinda geti la chuo. Ni mimi baba yako, kwa mkono huu huu ninaoandikia. Ukitaka kuichana barua hii una haki, lakini isome mpaka mwisho kwanza, maana kesho unapanda treni kwenda Lubumbashi, kulala nyumbani kwake.

Jumatatu ulikuja mbio ukaniambia profesa wako wa Lubumbashi amekupa kazi ya kwanza. Ulinganishe njia za kupanga majarida ya kisomi kwa kuhesabu ni mara ngapi makala zake zinatajwa na wengine, na uchukue majarida ya kwetu huku, ambayo hakuna anayeyatazama. Ukasema, "Papa, unipatie yale makaratasi yako ya zamani. Wewe njo fundi wa ile mambo." Nikacheka, nikakuambia panya wameyala. Panya wa watu, hata wao nimewasingizia. Makaratasi yalikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa unga, na hayana hata jino moja la panya.

Jioni ile ile Mujomba akapiga simu. Hatukuwa tumeongea kwa miaka mingi, isipokuwa salamu za msiba. Hakuniuliza habari za afya. Alisema, "Shemeji, mutoto aje, chumba kiko. Lakini aje akijua. Kama haukumwambia, nitamwambia mimi, siku ya kwanza, mbele hajavua viatu." Nikamwambia nimesikia. Akakata.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Unakumbuka hali ya mji wakati ule: watu wanaokimbia vita wanaingia kutoka barabara ya Nyunzu na magodoro kichwani, wengine na mishale bado mwilini, na kila nyumba ina panga chini ya kitanda. Mimi na Mujomba tulikuwa tunafundisha chuo kimoja. Yeye alikuwa mhariri wa jarida la mambo ya ziwa, samaki na maji na mchanga unaoletwa na mito. Mimi nilikuwa mhariri wa jarida la maendeleo na uongozi, jina kubwa lililokuwa linabeba kila kitu kilichokosa pengine pa kwenda. Wakubwa wakaamua chuo kibaki na jarida moja tu, na mwalimu aliyeandika katika yale yatakayofungwa asiweze kupanda grade, cheo cha kazi, kwa makala hizo. Wakaunda kamisheni ya kuyapanga majarida. Wakaniweka mimi kuwa mwenyekiti, kwa sababu nilikuwa peke yangu niliyejua kuhesabu marejeo. Hakuna aliyeuliza kama mwenye jarida anaweza kuwa hakimu wa majarida. Nami sikuwakumbusha.

Utafundishwa haya vizuri kuliko ninavyoweza, lakini nikueleze jinsi mimi nilivyoyajua. Nilikuwa na njia nne mezani. Ya kwanza ni kipimo cha miaka miwili: unachukua makala zilizotoka miaka miwili iliyopita, unahesabu zimetajwa mara ngapi mwaka huu, unagawanya kwa idadi yake. Ya pili ni hiyo hiyo, ila kwa miaka mitano. Ya tatu ni ile ya h: jarida lina nane kama makala zake nane zimetajwa mara nane au zaidi kila moja, kwa hiyo makala moja yenye bahati haiwezi kulibeba jarida zima. Ya nne ni ya uzito: ukitajwa na jarida ambalo lenyewe linatajwa sana, unahesabiwa zaidi, na jarida likijitaja lenyewe marejeo hayo yanakatwa.

Nilizifanya zote nne, Feza, peke yangu, mlango umefungwa. Kwa miaka miwili, jarida langu lilikuwa la kwanza na la Mujomba la mwisho. Kwa miaka mitano, lake lilipanda likanikaribia. Kwa ile ya h, lake lilikuwa la kwanza, maana mambo ya ziwa yanakwenda polepole: mtu anapima samaki leo, na anayemtaja anakuja baada ya miaka saba, lakini wakianza kumtaja hawaachi. Kwa ile ya uzito, jarida langu halikuonekana kabisa. Lilikuwa kama halijaandikwa.

Nilijua kwa nini. Mwanzoni mwa kila toleo kuna neno la mhariri, ukurasa mmoja wa salamu. Mimi mwaka ule niliandika neno la mhariri la kurasa kumi na mbili, na ndani yake nikataja kila makala iliyotoka katika jarida langu katika miaka miwili ile. Nikazitaja moja moja, hata ile ya kijana niliyejua ameikopi kutoka kwa mwenzake. Toleo lililofuata nikafanya tena. Kipimo cha miaka miwili hakiulizi nani amemtaja nani, kinajumlisha tu. Basi mbele ya kamisheni nilipeleka njia moja, hiyo ya miaka miwili, nikasema ndiyo inayotumika duniani kote, na zile nyingine tatu nikazifungia kwenye droo. Wenzangu walitikisa vichwa kukubali. Namba ilikuwa na desimali tatu, nani angebisha?

Mujomba wako alibisha, lakini hakubisha mbele ya watu. Kikao cha kupitisha kilikuwa kesho yake, naye akaja bironi, ofisini kwangu, mchana, wenzetu wamekwenda kula. Alikuwa amehesabu kwa kalamu, kwa mkono, kwenye karatasi za mitihani ya zamani, mstari kwa mstari. Akaziweka mezani kwa adabu. Akasema, "Shemeji, ile revi, ile jarida yako, inajitaja yeye mwenyewe. Toa ile neno la mhariri, hakuna kitu inabakia." Nikamwambia atoke. Akasema, "Sitaki nikuhaibishe mbele ya batu. Uitoe wewe, leo. Kesho mimi nitanyamaza." Alikuwa ananipa njia ya kutokea, unaona. Ndicho kilichonichoma. Ningeweza kuvumilia anishtaki. Kunihurumia sikuweza.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na mkono wake ulikuwa unafika kabla ya neno lake. Niliapa sitafanana naye, na kwa miaka mingi nilidhani nimefaulu kwa sababu nilikuwa navaa tai. Mujomba aliinama kunionyesha mstari mmoja kwa kidole. Mezani palikuwa na ile mashine ya chuma ya kutobolea karatasi, nzito, ya zamani. Niliishika na kumpiga nayo usoni. Kona yake iliingia jichoni. Nilisikia jinsi ilivyoingia, na sitakuandikia ilikuwa sauti gani. Alianguka na kiti, akaweka mikono yote miwili usoni, na mimi nikampiga tena juu ya mikono. Vidole viwili vilivunjika hapo. Pigo la tatu lilikwenda kwenye saruji, kwa sababu alikuwa amejiviringisha, na cheche zikatoka. Kama asingejiviringisha ningekuwa nimemuua mjomba wako kwa ajili ya kurasa kumi na mbili.

Halafu nikafanya mambo kwa akili kabisa. Huo ndio uchafu wenyewe, Feza, kwamba hasira iliisha na akili ikaja, na ikaja kunisaidia mimi. Nilichukua zile karatasi zake, nikaziweka ndani ya shati. Nikavuta droo zote nikamwaga chini. Nikavunja kioo cha dirisha kwa nje. Halafu nikapiga kelele kwamba wezi wameingia.

Papa Lumbwe alikuwa wa kwanza kufika. Unamkumbuka, mzee wa Mpala mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa anakupa mapera ukija kunitafuta. Alimbeba Mujomba mgongoni, mtu mzito kumzidi, akashuka naye mpaka barabarani kutafuta pikipiki, na damu yote ikamwagikia shingoni na kifuani. Pikipiki ikaondoka na Mujomba, yeye akarudi getini kwake kwa miguu. Ndipo vijana wa mtaa walipomkuta, sentineli mwenye shati lililolowa damu na profesa aliyepigwa. Wakaja kwangu mimi niliyekuwa nimesimama kwenye ngazi. Mmoja akaniuliza, "Shefu, njo huyu?"

Nikajibu, "Alikuwa pale."

Maneno mawili, tena ya kweli. Alikuwa pale, kazi yake ilikuwa kuwa pale. Nilifanya kwa Papa Lumbwe kile kile nilichofanya kwa jarida la Mujomba: nilitoa kipande kimoja cha ukweli nikanyamazia vingine, na nikawaachia wengine kujumlisha.

Walimpiga kwa mbao za geti. Walimpiga kwa mawe. Mkono wake wa kushoto ulivunjika mara mbili, juu ya kiwiko na chini yake, na mtu mmoja akaukanyaga kwa buti ili mwingine apige vizuri. Taya lilivunjika, meno yakatoka na maneno aliyokuwa anajaribu kusema. Alikuwa ananiita mimi. Alikuwa anasema, "Shefu, wambie. Shefu, wambie." Kijana mmoja alikuja na petroli ndani ya chupa ya bia, akaanza kumwagia miguuni, na wengine wanatafuta kiberiti. Askari walifika, wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika, na Papa Lumbwe wakamtia kasho, mahabusu yao. Muda wote huo sikushuka ngazi hata moja. Ziko ngazi tano. Nimepita hapo kila siku ya kazi tangu wakati ule.

Mujomba alizinduka hospitalini siku ya tatu. Mama yako alikuwa ametoka kuchota maji, tukabaki wawili. Alinitazama kwa jicho lililobaki. Akasema hatanitaja, kwa ajili ya dada yake na kwa ajili yako, lakini Papa Lumbwe nimtoe kasho, na niseme kwa mdomo wangu kwamba si yeye. Niliahidi. Nikaenda polisi, nikasema sina uhakika. Nilisema hivyo tu, kwamba sina uhakika. Wakamwachia bila kumsafisha jina, chuo kikamfukuza, na ndugu zake wakaja kumchukua na mtumbwi wakamrudisha Mpala. Mujomba aliposikia aligeukia ukutani. Alipopona akahamia Lubumbashi, na wewe ulilia kituoni ukauliza kwa nini hanipi mkono mimi baba yako.

Mama yako alijua hata kabla Mujomba hajazinduka. Alikuwa anafua shati langu, ambalo nilimwambia lililowa nikimwinua Mujomba, akaja nalo mlangoni likiwa bado linadondosha maji. Akasema, "Papa Feza, hii damu iko ndani ya mukono wa shati. Mutu akibeba mugonjwa, damu haiingiake humu." Akarudi kwenye beseni akaendelea kufua. Tangu siku ile hajanipigia pasi shati hata moja, na wewe umekua ukidhani mimi ni baba wa kisasa anayejipigia pasi mwenyewe.

Na jino lako, Feza. Lile la mbele lililomeguka, ambalo unalificha ukicheka. Unafikiri nilikupiga kwa sababu ulikuwa unasoma kwa sauti wakati wa kula. Kilichotokea ni kwamba nakala za jarida la Mujomba zilikuwa zimebaki bironi baada ya kufungwa, na mimi nilizileta nyumbani kuwashia mbabula, jiko letu la makaa. Wewe uliokota ukurasa mmoja ulioungua pembeni, ukasoma kichwa cha makala, ukauliza, "Papa, hii si ya Mujomba?" Nilikupiga kibao mpaka ukagonga ukingo wa meza. Mtoto wa miaka kumi na miwili, na mdomo uliojaa damu, ukaniomba msamaha. Mimi nikaupokea huo msamaha.

Kamisheni ilipitisha kipimo changu. Jarida la ziwa likafungwa, walimu wanne walioandika humo wakabaki na grade zao za zamani mpaka wengine wakastaafu nazo. Mimi nikapanda. Wakawa wananiita vyuo vingine kuwaeleza walimu jinsi ya kupanga majarida, nami nilikuwa nasimama na chaki mkononi nasema namba haina ndugu. Walikuwa wanaandika sentensi hiyo kwenye madaftari yao. Namba ina ndugu, mwanangu. Ndugu yake ni yule aliyechagua ihesabiwe miaka mingapi, na nani aachwe nje. Ukikuta jedwali safi, kabla ya kusoma safu ya kwanza, muulize aliyelitengeneza mengine aliyatia droo gani.

Nisikuambie kwamba kipimo kimoja ni kizuri na vingine ni vibaya. Ile ya h ingempa Mujomba haki, lakini ingewaonea vijana waliokuwa wameanzisha jarida lao juzi, wasio na makala za zamani. Ile ya uzito ingenikamata mimi, lakini ingeyasifu majarida ya Ulaya kwa sababu yanatajana yenyewe kwa yenyewe huko juu. Ile ya miaka mitano nayo inapendelea wanaokwenda polepole kuliko daktari anayeandika leo kuhusu kipindupindu cha leo. Ziweke zote mezani, ziache zigombane mbele ya msomaji. Mimi kosa langu halikuwa kuchagua mbaya. Nilijua zimegombana, nikazitenganisha ili isikike sauti moja.

Sasa kuhusu kazi yako. Ukihesabu majarida ya huku, utafika kwa langu. Matoleo yale bado yako kwenye maktaba, na kwenye mtandao mtu ameyapiga picha. Utaona jinsi marejeo yanavyopanda ghafla mwaka ule na kuanguka, na ukifuata yanatoka wapi yatakupeleka kwenye kurasa zangu kumi na mbili na jina langu chini yake. Mtu yeyote mwenye subira atayaona. Najua utakavyotaka kufanya, maana wewe ni mtoto mwema. Utasema jarida hilo ni dogo, haliathiri matokeo, uliruke. Usiliruke. Liandike kwanza pamoja na marejeo hayo, halafu liandike bila hayo, na uandike mhariri alikuwa nani. Profesa wako akikuuliza kama ni ndugu yako, mwambie ni baba yako. Mfuko wa unga nimeuweka juu ya sanduku lako. Zile hesabu zangu nne zimo, pamoja na karatasi za Mujomba nilizomwibia, zenye madoa. Zile ni zake. Mpe mkononi.

Siombi unisamehe, na ninakukataza kunisamehe haraka. Nimekwisha kuona jinsi unavyosamehe, ulifanya hivyo ukiwa na damu mdomoni, na mimi ndiye niliyekufundisha tabia hiyo mbaya. Kasirika. Kama hutaki nije stesheni kesho, mwambie mama yako, nitabaki.

Nimewapenda sana, wewe na yeye, na kupenda huko hakukunizuia kufanya hata kimoja kati ya haya.

Treni yako ikiondoka, mimi nitashuka bandarini kutafuta mtumbwi wa Mpala. Mama yako nimemwambia leo asubuhi, akaniuliza tu kama nitachukua sweta. Papa Lumbwe yuko hai. Mkono wa kushoto umekauka, na chakula chake kinasagwa, na kijijini kwao bado wako watu wasiomwachia mitumbwi yao ailinde. Nitasema mbele ya mkuu wa kijiji na mbele ya wale watu, kwa sauti, nani alimpiga profesa, na kwamba yeye ndiye aliyembeba. Nikitoka huko nitakwenda kwa mwendesha mashtaka na maneno hayo hayo. Mujomba nimempigia tena jana, amesema atakuja kutoa ushahidi wakimwita.

Wanaotoka Mpala wanasema mkono wa kuume wa mzee ungali na nguvu, bado anapasua kuni mwenyewe. Nitamsogelea mpaka anifikie.

Baba yako.